Naomba ushauri: nauza biashara mpya, nianze na hadithi au na tatizo la mteja?

Mwanzilishi Mpya ameandika:

Wakuu habari zenu, niende moja kwa moja. Mimi na mwenzangu tumetengeneza mfumo mdogo wa kupanga miadi, yaani mwenye saluni, kinyozi, kliniki ya meno, gereji, yeyote anayepokea wateja kwa saa maalumu, anaingiza jina na muda, afu mfumo unamtumia mteja meseji siku moja kabla na tena asubuhi ya siku yenyewe, mteja anajibu anakuja au haji, akisema haji ile nafasi inafunguka na mtu aliyekuwa anasubiri anapewa taarifa. Mfumo unafanya kazi, tumeujaribu wenyewe na jamaa zetu, hauna shida.

Shida iko kwenye kuuza. Naingia kwa mtu, nasalimia, nafungua laptop, namwonyesha kalenda, ripoti, rangi za kutenganisha wafanyakazi, yule mtu anatikisa kichwa anasema "nzuri sana hii, hongereni vijana, niachie namba nitakucheki", imeisha hiyo. Hakuna anayenicheki.

Sasa nina washauri wawili na kila mmoja ana lake. Wa kwanza anasema watu hawanunui bidhaa wananunua hadithi, kwa hiyo nieleze safari yetu, tulivyoanza bila mtaji, tulivyokesha tukitengeneza. Wa pili anasema achana na hadithi, watu wana shughuli zao, taja tatizo taja suluhisho ondoka. Nimejaribu ya kwanza, katikati ya maelezo mtu anaanza kuangalia simu. Nimejaribu ya pili naonekana kama namfundisha kazi yake, mtu ana miaka kibao kwenye biashara afu mimi naingia kumwambia ana tatizo, sura inabadilika hapo hapo.

Kwa waliowahi kuuza kitu ambacho watu hawajakizoea, dakika tano za kwanza mnasema nini? Na hadithi ya kweli nitaitoa wapi wakati sina hata mteja mmoja anayelipa? Natanguliza shukrani.

---

Mzee wa Mauzo amejibu:

Mkuu, hao washauri wako wanabishania kitu kimoja bila kujua. Hadithi ya biashara isiyokuwa na tatizo ndani yake ni historia ya maisha yako tu, na mteja hana sababu ya kuisikiliza. Na tatizo ukilitaja bila mtu aliyelipata linageuka hotuba. Vinatakiwa vije pamoja, na mhusika mkuu awe mteja, sio wewe na mwenzako na laptop yenu.

Ngoja nikupe mfano ninaoupenda kuliko yote kwenye kazi hii. Miaka ya 1850 lifti zilikuwepo ila kazi yake ilikuwa kubeba mizigo, binadamu walikuwa wanaziogopa maana kamba ikikatika unaenda nayo mpaka chini. Elisha Otis akawa ametengeneza breki inayojifunga yenyewe kamba ikilegea, kitu cha maana kabisa, lakini mwanzoni oda zilikuwa za kuhesabu. Mwaka 1854 akaenda kwenye maonyesho makubwa Crystal Palace pale New York, akasimama juu ya jukwaa la lifti mbele ya umati, likavutwa mpaka juu, afu akaamuru kamba ikatwe. Ikakatwa kweli. Jukwaa likashuka kidogo likakaba. Mwaka 1857 lifti yake ya abiria ikafungwa kwenye duka la ghorofa tano hapo hapo New York, na biashara ikaendelea kutoka hapo.

Sasa angalia mpangilio wake. Hakuanza na springi wala meno ya chuma. Alianza na hofu ambayo kila aliyesimama pale alikuwa nayo tayari, akaiweka wazi mbele yao, akawaacha wakae nayo sekunde kadhaa, ndipo breki ikafanya kazi yake. Hapo mtu haambiwi ana tatizo, analiona mwenyewe. Na hadithi nzima haikuhitaji Otis aeleze alilala wapi wakati anatengeneza.

Wewe kamba yako ni kile kiti kitupu cha saa nne asubuhi, mteja aliyeandikwa hajatokea, mfanyakazi amekaa anangoja. Ukiingia kwa mtu usifungue laptop kabisa, iache kwenye begi. Muulize: wiki hii kuna mtu alipanga akaacha kuja? Akishajibu muulize ule muda ulikwendaje, na je kuna mtu alikuwa ameomba muda huo huo ukamwambia umejaa, na yule baadaye alirudi au alikwenda kwingine. Maswali matatu tu, afu nyamaza. Atakuhadithia mwenyewe, na hadithi anayosimulia mwenye saluni kuhusu saluni yake inamgusa kuliko chochote utakachokuja nacho kutoka nyumbani.

Na hili silitungi. Mtafiti wa mauzo Neil Rackham na timu yake walichunguza mazungumzo ya mauzo kama 35,000 kwa miaka 12, wakaona kwenye mauzo makubwa wauzaji wanaofanikiwa hawakimbilii kutaja sifa za bidhaa, wanauliza zaidi juu ya tatizo na hasa juu ya madhara ya tatizo. Hilo la madhara ndilo watu wengi wanaliruka. "Wateja hawatokei" ni tatizo, kila mtu ameshalizoea. "Yule niliyemkatalia siku ile sijamuona tena" ndo inayouma.

---

Dada wa Saluni amejibu:

Jamani mimi sio mtaalamu wa mauzo ila ndo huyo mteja anayezungumziwa hapa, nina saluni, kwa hiyo mdogo wangu nisikilize vizuri.

Hicho alichosema Mzee wa Mauzo ni kweli tupu. Jumamosi kwangu ndo siku, mtu wa kusuka anachukua masaa manne, nimemwambia msusi awahi kwa ajili yake, na jana yake nimewakatalia wawili kwa simu kwamba asubuhi pamejaa. Saa nne inafika, saa nne na nusu, napiga simu inaita haipokelewi, saa tano anatuma meseji "samahani dada nimepata dharura". Wale wawili nikiwapigia mmoja ameshasuka kwingine mwingine ameshaanza shughuli zake. Msusi amekaa tu na jioni anataka hela yake ya siku, na ana haki, alikuja.

Sasa kijana angeniingilia na rangi za kalenda mimi ningemwambia nzuri sana niachie namba, kama hao wengine, maana sijui kalenda ya rangi inanisaidia nini. Angeniuliza kuhusu Jumamosi ningemvutia kiti akae.

Lakini sikiliza na hili, usidhani ukishanipata kwenye stori nimenunua. Nina maswali yangu. Nani anaingiza hayo majina, maana mimi mikono ina mafuta kuanzia asubuhi mpaka jioni, sishiki simu kila dakika. Wateja wangu wakipata meseji mbili wataona nawasumbua? Akijibu haji, mimi najuaje wakati nimeinama kwenye kichwa cha mtu? Na wale wasiojibu kabisa mfumo wako unafanya nini nao? Hayo ukinijibu vizuri kwa mfano wa mtu kama mimi tunaongea bei.

---

Koda wa Usiku amejibu:

Mimi naomba nipingane kidogo na wapenda hadithi. Hadithi inauza mara ya kwanza, mara ya pili inauza kazi iliyofanyika.

Kuna jaribio lilifanyika Marekani mwaka 2009, Rob Walker na Joshua Glenn walinunua vitu vidogo vya mitumba, vipambo, vikombe, takataka za mezani, jumla kama dola 129, wakawapa waandishi watunge hadithi juu ya kila kitu, wakaviuza kwa mnada eBay, soko la mtandaoni, na hadithi zake, wakapata zaidi ya dola 3,600. Na wanunuzi walijua kabisa kwamba hadithi ni za kutunga. Watu wengi wakisikia hili wanasema umeona, hadithi ni kila kitu. Mimi naona wamesahau kwamba aliyenunua kile kipambo hakuhitaji kifanye chochote, anakiweka kabatini basi. Wewe mkuu unauza kitu cha kulipiwa kila mwezi, meseji isipomfikia mteja wa yule dada Jumamosi moja, hadithi yako yote imekufa na atawaambia wenye saluni wenzake.

Kwa hiyo onyesha kazi. Drew Houston wakati anaanzisha Dropbox, huduma ya kuhifadhi faili mtandaoni, alikuwa na shida kama yako, kitu ambacho ukikieleza kwa mdomo mtu haelewi kwa nini akihitaji. Akarekodi video fupi ya dakika chache akionyesha faili linatoka kompyuta moja linatokea nyingine, basi, na orodha ya watu wanaosubiri ikapanda kutoka 5,000 hadi 75,000 kwa usiku mmoja. Video yenyewe ni hadithi kwa namna yake, ina mtu ana shida na shida inaisha, lakini kilichowashika watu ni kuona kitu kinafanya kazi.

Fanya hivi: muombe mwenye duka namba yake, mwandike kama mteja wa kesho saa nne, meseji iingie kwenye simu yake yeye mwenyewe pale pale, ajibu haji, afu aone nafasi inavyofunguka na simu ya pili inavyolia. Dakika moja haifiki. Ni ile kamba ya Otis hiyo, umekata mbele yake.

---

Mwanzilishi Mpya amejibu:

Asanteni sana, sikutegemea majibu ya namna hii. Dada wa Saluni ubarikiwe, hayo maswali yako nimeyaandika yote. Majina anaweza kuingiza mteja mwenyewe kwa kubonyeza linki, wewe hushiki kitu, na tunaweza kuweka meseji moja badala ya mbili. Kwa asiyejibu sasa hivi mfumo haufanyi chochote, nimeona hilo ni pengo, tunalifanyia kazi wiki hii, nadhani bora umletee mwenye biashara orodha ya wasiojibu jioni ya siku iliyotangulia ili apige yeye.

Hii ndo sehemu ya mwanzo ninayotumia mpaka sasa, naomba mnisaidie kuipanga upya:

"Sisi ni kampuni changa ya vijana wenye maono ya kubadilisha namna biashara zinavyosimamia muda. Tunatoa mfumo wa kisasa, wa haraka na rahisi kutumia, wenye kalenda, ripoti na ujumbe wa kumbukumbu, utakaoongeza ufanisi na kuboresha huduma kwa wateja wako."

Na lile swali la hadithi bado linanisumbua, nikisema "mteja wetu mmoja" nitakuwa naongopa, sina mteja.

---

Mzee wa Mauzo amejibu:

Hayo maneno mkuu yanaweza kubandikwa kwenye kampuni yoyote, ya bima, ya usafirishaji, ya simu, na hakuna atakayeshtuka. Ufanisi, kisasa, maono, hakuna mtu anaamka usiku anawaza ufanisi. Na umeongea na "biashara" badala ya mtu. Mwaka 2007 Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic walichapisha utafiti wa michango, watu walioonyeshwa habari za mtoto mmoja mwenye jina na picha walichangia zaidi ya mara mbili ya waliopewa takwimu za mamilioni wenye njaa. Hiyo ni misaada sio mauzo, lakini akili ni ile ile, mtu mmoja anaonekana, kundi halionekani.

Jaribu hivi, na useme kwa mdomo wako kawaida kama unaongea na jirani:

"Dada, juzi nilikuwa naongea na mwenye saluni mmoja, aliwakatalia wateja wawili wa Jumamosi kwa sababu ya mtu aliyeweka nafasi ya masaa manne. Yule mtu hakuja. Alijua saa tano, na wale wawili walishapata kwingine. Kwako huwa inatokea?"

Hapo unanyamaza. Akisema haitokei, mshukuru mjadiliane mengine, huyo sio mteja wako leo na hakuna hadithi itakayombadilisha, okoa muda wako. Akisema inatokea, mwache amwage. Akimaliza ndipo useme "sisi tumetengeneza kitu ambacho huyo mtu angeulizwa Ijumaa, akisema haji mmoja wa wale wawili anapata meseji saa ile ile, nikuonyeshe kwa simu yako?" afu fanya ile ya Koda.

Umeona safari yenu ya kukesha haimo kabisa. Sisemi haina nafasi. Mtu akishataka kununua anaanza kujiuliza hawa vijana watakuwepo mwakani au wataniacha na wateja wangu humo ndani, hapo ndo umweleze mlivyoanza na kwa nini hamuondoki. Kila hadithi ina mahali pake.

Na hujaongopa popote, huyo mwenye saluni umeongea naye kweli, yuko juu hapo, muombe ruhusa tu.

---

Dada wa Saluni amejibu:

Ruhusa nimetoa, jina langu usitaje tu.

---

Jicho la Tatu amejibu:

Nakazia hapo kwenye kuongopa maana ndipo wengi wanapotelea na inaniuma kuona vijana wazuri wanaharibika kwa sababu ya kutaka stori tamu.

Ile habari kwamba eBay ilianzishwa ili mchumba wa mwanzilishi wake Pierre Omidyar apate watu wa kubadilishana naye vile vidude vya pipi vya Pez ilizunguka miaka mingi, kumbe ilitungwa na mtu wa mahusiano ya umma wa kampuni kwa sababu waandishi wa habari walikuwa hawavutiwi na maelezo ya soko huria la mtandaoni. Kitu cha kwanza kinachojulikana kuuzwa pale mwaka 1995 kilikuwa kimulimuli cha leza kilichoharibika, dola 14.83. Binafsi naona hiyo ya kweli ni tamu kuliko ya kutunga, mtu anauza kitu kibovu, anamwambia mnunuzi waziwazi ni kibovu, na mnunuzi anasema ndicho ninachokitaka. Hapo umeelewa soko zima kwa sentensi moja.

eBay walikuwa na huduma inayofanya kazi kwa hiyo uongo ule haukuwaua. Theranos, kampuni ya kupima damu ya kule Marekani, hawakuwa nayo. Mwanzilishi wake Elizabeth Holmes alikuwa na hadithi ya kugusa, anayeogopa sindano, ndugu aliyefariki kwa kansa, matone machache ya damu ya kidole yanapima magonjwa kibao, watu wakatoa mamia ya mamilioni ya dola. Mashine haikuwa na uwezo huo. Januari 2022 mahakama ikamkuta na hatia ya kuwatapeli wawekezaji.

Wewe usifike huko hata kwa hatua ndogo ya "wateja wetu wanasema". Tafuta biashara tatu, saluni, kliniki, gereji, wape mfumo bure kwa miezi miwili kwa sharti moja tu: mwezi wa kwanza wasitumie meseji, waandike kila siku waliopanga wangapi na waliotokea wangapi. Mwezi wa pili meseji ziwashwe, waendelee kuandika. Kama tofauti ipo utaiona kwa namba zao wenyewe, na wakikubali utaitumia. Kama haipo bora ujue mapema kwamba tatizo ulilokuwa unalitatua sio lile, labda watu hawasahau, labda wanaweka nafasi sehemu tatu na kuchagua siku ya mwisho, na hapo dawa yake ni malipo ya awali, meseji haitasaidia.

Na ukiwa unawatembelea hao watatu andika maneno yao kama walivyoyasema, usiyasafishe. Dada hapo juu kasema "mikono ina mafuta", mimi ningeifanya hiyo ndo sentensi ya kwanza ya tangazo kwa wenye saluni. Daktari wa meno atakuwa na ya kwake na fundi gari ya kwake, na hutazijua ukikaa nyumbani.

---

Mwanzilishi Mpya amejibu:

Jicho la Tatu hilo la watu kuweka nafasi sehemu tatu sikuwahi kuliwaza kabisa, asante sana. Mwenzangu nimempa asome uzi wote. Tumekubaliana tunaanza na hao watatu, saluni ni ya Dada hapa kama atakubali, gereji tunayo ya jamaa mmoja, kliniki bado. Swali la mwisho, kwa wale ambao siwezi kuwafikia uso kwa uso natuma meseji WhatsApp, nako niweke hadithi au itakuwa ndefu?

---

Koda wa Usiku amejibu:

Weka sentensi mbili na swali, usiweke linki wala picha ya nembo. "Habari, samahani kwa usumbufu. Wiki hii kuna mteja aliyepanga miadi kwako akaacha kuja? Nauliza kwa sababu tunatengeneza kitu cha kuzuia hilo na natafuta kliniki moja ya kujaribu nayo bure miezi miwili." Akijibu ndiyo, mpigie siku hiyo hiyo, usiendelee kuandika.

---

Dada wa Saluni amejibu:

Mimi nimekubali, njoo Jumatatu asubuhi, Jumamosi usithubutu. Na uje na hiyo orodha ya wasiojibu ikiwa imeshakamilika.